Usingizi Upande wa Bagira

Wacha niseme wazi tangu mwanzo: Anne-Marie wa Nyawera hakuwa mwendawazimu wa mpira. Alivaa njano ya timu ya Étoile tangu usichana wake, nyimbo zote alizijua, na mwamuzi akikosea alimtukana mpaka watu wakageuka kumtazama. Lakini ukikaa naye vizuri, ukamnunulia chai ya maziwa na andazi, angekuambia ukweli wake. Uwanjani ndipo mahali pekee ambapo mtu wa kazi yake anakaa chini na hakuna anayemwita kwa mluzi.

Kazi yake ilikuwa kubeba. Alibeba unga, simenti, makaa, ndizi, na siku nyingine kabati la mtu anayehama, milango yake ikipigapiga njiani. Mzigo ulikaa mgongoni, na mugozi, ile kamba pana ya kubebea, ulipita kwenye paji la uso. Miaka mingi ya mugozi ilikuwa imemchimbia mfereji hapo juu ya nyusi, na hata siku ya misa, kitambaa kizuri kichwani, mfereji ulionekana. Na Bukavu, jamani, si mji wa mtu kubeba. Ni kupanda, kushuka, kupanda tena, halafu matope. Aliyeuweka mji huu hapa hakuwa na mzigo mgongoni siku hiyo, nakuapia.

Sasa mgongo ulikuwa umekataa. Haukukataa kwa kelele, ulikataa kidogo kidogo. Asubuhi Anne-Marie alitoka kitandani kwa kugeuka ubavu kwanza, kama mwanamke mwenye mimba, na mimba haikuwepo. Alikuwa amechoka uchovu ule ambao usingizi hauutoi. Hakuwa na mtu wa kumwambia, kwa sababu wote aliowajua walikuwa wamechoka vilevile, na ukianza kulia uchovu mbele yao wanakucheka: "Ala! Wewe peke yako?"

Ndipo akatokea Papa Patrice na habari ya kiti.

Papa Patrice alikuwa na depo ya unga na simenti pale Nyawera, karibu na kituo cha pikipiki, na alikuwa pia mkubwa wa wafuasi wa Étoile. Mtu wa tumbo na kicheko, si mbaya, ila alipenda kuamini kwamba Mungu naye ni wa Étoile. Wiki hiyo alitangaza kwamba anatafuta maman mmoja wa kukaa mlangoni mwa depo. Kazi ni kuangalia anayeingia na anayetoka, basi. Hakuna kubeba. Kuna kiti cha mbao chenye mgongo, chini ya bati, mvua haifiki. Atamchagua katika wale mamans wabebaji ambao ni watu wa Étoile, na jina atalitaja Jumapili, baada ya mechi ya Bagira.

"Ninataka mutu mwaminifu," alisema. "Mwenye kusimama na sisi ugenini, si ule wa kuimba hapa nyumbani peke yake. Bagira ndiyo itatuonyesha."

Kila mtu Nyawera alijua kiti kile kinagombewa na wawili: Anne-Marie na Francine. Wote wawili wabebaji, wote wawili wa njano, wote wawili migongo imekwisha. Walikuwa marafiki wa zamani, na kwa sababu hiyo hawakukizungumzia kiti hata mara moja wiki nzima. Walizungumza habari za mvua.

Sasa nikuambie habari ya Bagira. Uwanja wa Lumière, timu ya Bagira, uko juu kule, una ukuta, una ngazi za saruji za watu kukalia, na hata bati juu ya ngazi. Hizo ni za wenyeji, watu wa kijani. Wageni wanapewa upande wa pili, chini, mteremko mtupu wa udongo ambao mvua ikinyesha unateleza mpaka unamkuta mtu ameshika koti la asiyemjua. Huko unasimama. Unasimama kabla ya mechi, unasimama mechi yote, na baada ya mechi unasimama tena ukingoja wenyeji watoke kwanza, polisi wamesema. Tiketi za upande huo Papa Patrice alizigawa kwa mkono wake mwenyewe, akimtazama kila mtu machoni kama padri anayegawa komunio.

"Pamoja," alisema kwa kila mmoja. "Tukitawanyika kule, tumekwisha."

Anne-Marie alipokea ya kwake akasema aksanti. Jumamosi, siku moja kabla, akabeba simenti ya mtu anayejenga. Usiku mgongo ulimwambia yote uliyokuwa ukimficha.

Jumapili walipanda Bagira kwa mguu, ngoma mbele, njano nyuma yake, mvua imenyesha toka asubuhi na ikakatika kwa dharau, kama mtu aliyemaliza kazi yake. Anne-Marie alitembea nyuma kabisa. Alipofika langoni akauona ule mteremko wa wageni kupitia tundu la ukuta. Matope yaliwaka kwa maji. Watu wa mbele walikuwa wameanza kushikana mikono wasianguke. Akahisi machozi yanakuja, machozi ya kweli, si ya mpira. Nitasimama hapo vipi? alijiuliza. Ee Nyamuzinda, Mungu wangu, nitasimama hapo vipi?

Na hapo ndipo Xavier alipomvuta kando. Xavier alikuwa motard, mwendesha pikipiki wa Nyawera, kijana wa njano mpaka kwenye mifupa, lakini alichelewa mgao wa Papa Patrice, basi akanunua tiketi aliyoikuta, na aliyoikuta ilikuwa ya upande wa Bagira. Ya kukaa. Alikuwa ameishika kwa vidole viwili kama kitu kinachonuka.

"Maman, nisaidie," alisema. "Niingie kule katikati yao? Bakifunga goli nitafanya nini, nipige makofi? Nitakufa. Unipatie yako, uchukue hii."

Angalia mambo hayo. Mmoja anaogopa kukaa, mwingine anaogopa kusimama. Anne-Marie aliitazama tiketi ya Xavier. Alifikiria kiti cha depo, alifikiria Papa Patrice na "pamoja" yake. Akajiambia: watu ni wengi, nani atajua? Nitakaa kimya, mechi ikiisha nitawangoja barabarani, nitaingia katikati yao, nitaimba. Alijiambia haya kwa haraka, jinsi mtu anavyojiambia akiwa tayari ameamua. Akafunga vifungo vya pulovere yake mpaka shingoni, juu ya ile blauzi ya njano, wakabadilishana.

Akaingia upande wa kijani. Hakuna aliyemtazama. Mwanamke wa makamo mwenye pulovere ya kahawia, amekunja uso, nani atamtazama? Ngazi zilikuwa zimejaa. Alisimama kwenye njia, akitafuta, na maman mmoja mnene, aliyeweka beseni la karanga katikati ya magoti yake, akapiga kelele bila hata kugeuka:

"Nyinyi huko, musogee! Maman apate kukaa."

Wakasogea. Anne-Marie akakaa.

Sijui kama wewe unayesoma umewahi kukaa. Unafikiri umewahi. Yeye aliposhusha mwili wake kwenye ile saruji baridi, na nyuma yake kukawa na ngazi nyingine ya kuegemea, mgongo ulilia kwanza, kisha ukanyamaza. Ukanyamaza kabisa. Alifunga macho kidogo tu, akashukuru. Hakukumbuka mechi inachezwa na nani.

"Unatoka wapi, maman?" aliuliza yule wa karanga. Jina lake lilikuwa Gisèle; wateja walikuwa wakimwita pande zote.

"Mumosho," alidanganya Anne-Marie. Lilikuwa jina la kwanza lililokuja.

"Mumosho! Na umekuja mpaka huku juu ya Lumière yetu? Mungu akubariki." Akamtia karanga mkononi, konzi nzima, bila kuuliza kama anataka.

Anne-Marie alizila kwa aibu. Zilikuwa tamu, na hilo likazidisha aibu. Maman Gisèle alimtazama tena, safari hii vizuri, akamwona paji la uso.

"Unabeba," alisema.

"Ninabeba."

"Mi nilibeba pia. Simenti, kutoka bandarini. Mupaka goti ikakataa." Akapiga goti lake kofi moja kama mtu anayempiga mtoto mtukutu. "Sasa ninauza karanga. Karanga haina uzito. Kaa vizuri, maman, egemea. Batu ba huko nyuma hawana shida."

Hakuuliza zaidi. Mechi ilianza. Wenyeji walisimama kuimba, na Anne-Marie akasimama nao nusu nusu, akafungua mdomo bila sauti, akakaa. Ng'ambo ya uwanja aliona njano yake, kundi dogo limeshikamana kwenye matope, ngoma inapigwa, na mbele kabisa akamtambua Francine kwa kile kitambaa chake cha kichwa. Francine alikuwa anateleza, anashikwa, anateleza tena. Na mgongo wake si bora kuliko wangu, aliwaza Anne-Marie. Wazo hilo lilimchoma, na alitaka kuinuka. Kweli alitaka. Lakini mwili haukumsikiliza. Ngoma ilikuwa mbali, bati lilizuia upepo, joto la watu lilimzunguka pande zote, bega la Maman Gisèle lilikuwa pale pale.

Akalala.

Ndiyo. Katikati ya wafuasi wa Bagira, siku ya mechi kubwa, kelele mpaka mbinguni, mwanamke huyu alilala usingizi wa mtoto mchanga, mdomo wazi. Wale wanaosema mpira ni moto wangemwona siku ile. Kosa kama hilo hulifanyi kwa dharau. Unalifanya pale mtu anapokupa mahali pa kuegemea, na wewe umekaa miaka bila kuegemea kitu.

Kilichomwamsha ni ukimya. Alifungua macho, akaona watu wamesimama, mikono kichwani. Baba mmoja mbele alikuwa amekaa chini akiikunja kofia yake na kuikunjua. Mwingine alimlaani golikipa, na ukoo wa golikipa, na aliyemnunulia glavu. Anne-Marie akajikuta amefunikwa mpaka kidevuni na kikwembe cha kijani, kitenge kizima kipya chenye nembo ya Lumière, chenye harufu ya sabuni na karanga.

"Usitoe," alisema Maman Gisèle kwa sauti ya chini, akitazama mbele. "Usitoe kwanza."

Anne-Marie akapeleka mkono kifuani chini ya kikwembe. Vifungo viwili vya pulovere vilikuwa vimefunguka, na blauzi ya njano ilikuwa nje, inang'aa. Akavifunga upesi.

"Vijana ba huko nyuma baliona," aliendelea Maman Gisèle. "Nikabaambia uko mutoto ya shangazi yangu, uko na homa, na blauzi umeazima."

"Baliitika?"

"Aka! Beko bajinga? Lakini nikakufunika, na mutu akifunikwa na kikwembe yangu, nani ataigusa? Bananijua mimi."

"Na iko nini? Nini imepita?"

"Goli."

"Nani alifunga?"

Maman Gisèle akageuka sasa, akamtazama usoni, na katika huzuni yake yote akashindwa kuzuia kicheko kidogo. "Nyinyi, maman. Mulifunga nyinyi. Nawe ulikuwa umelala."

Kipenga cha mwisho kilipigwa, Étoile moja, Lumière sifuri. Anne-Marie alitaka kusema pole, akaona neno lenyewe litakuwa tusi. Alianza kukivua kikwembe akirudishe. Maman Gisèle akamshika mkono.

"Toka nayo. Pale mulangoni vijana banangojea mutu wa njano bamutolee hasira. Utanirudishia siku ingine. Mi niko hapa kila mechi, kama Mungu anapenda."

Basi akatoka nacho. Alipita katikati ya vijana wale langoni, kijani mabegani, na walimpisha. Mmoja hata alimwambia, "Pole, maman, tutabapiga kwa match ya kurudi," naye akaitikia kwa kichwa. Akashuka barabara peke yake mpaka pale kwenye kona pana, ambapo Étoile husimama kila inaposhinda Bagira.

Pale wana desturi yao, na huijui kama wewe si mtu wa huku. Wanaiita kuosha miguu. Wakishinda ugenini hawateremki mjini kabla hawajakanyaga kitu cha kijani. Kofia iliyookotwa, bendera, mfuko wa plastiki, chochote. Mkubwa wao anakiweka chini, mmoja wao anakikanyaga mpaka kinageuka matope, ngoma inalia, ndipo wimbo wa kurudi unaanza. Bila hivyo, wanasema, ushindi unabaki mlimani.

Anne-Marie aliwangoja, akawasikia wanakuja, akachangamka. Walifika wamelowa matope mpaka kiunoni, wanaruka, wanakumbatiana. Aliingia katikati yao akiimba, jinsi alivyopanga. Na kikwembe? Utaniuliza, aliwezaje kukisahau mabegani? Nakuambia, mtu aliyezoea kiroba cha simenti mgongoni hakisikii kitambaa.

"Maman Anne-Marie!" Papa Patrice alikuwa ametokwa jasho, furaha imempasua uso. "Tulikutafuta kwa goli! Ulikuwa wa—"

Akanyoosha kidole. Ngoma ikanyamaza. Mmoja baada ya mwingine, watu wa njano walimtazama mabega, na yeye pia akajitazama.

"Iko nini hii?" aliuliza Papa Patrice.

Nyuma ya ngoma, Xavier aliinamisha kichwa akaanza kufunga kamba ya kiatu kisicho na kamba. Anne-Marie alimwona akamwacha. Hakuwa na nguvu ya kumtaja mtu.

"Nilikaa kule juu," alisema. "Mugongo ilinishinda, papa. Sikuweza kusimama."

Kukapita mnong'ono. Mtu alisema "yooo!" Mwingine akasema kwamba yeye tangu zamani alikuwa na mashaka, watu wa namna hiyo hawakosekani. Lakini Papa Patrice alikuwa ameshinda siku ile, na mshindi anaweza kuwa mpole. Aliinua mkono wake.

"Haina neno," alisema. "Haina neno! Mugongo ni mugongo. Tena Mungu ameleta kijani yenyewe, na haiko mufuko ya plastiki! Kikwembe muzima!" Watu wakacheka. "Maman, weka chini. Kanyaga, utuoshe miguu, twende nyumbani. Na niseme mbele ya bote: ukikanyaga, kesho ile kiti iko yako."

Umesikia? Kiti. Chenye mgongo, chini ya bati. Mbele ya watu wote, kwa hatua moja ya mguu. Kelele za furaha zilipanda, wakampigia makofi, na mpiga ngoma akainua vijiti vyake kungoja. Francine peke yake hakupiga makofi. Alisimama na matope yake mpaka kiunoni, mkono mmoja nyuma, pale mgongo unapouma.

Anne-Marie akakivua kikwembe. Kilikuwa bado na joto. Alikishika mbele yake kwa mikono miwili akatazama chini, kwenye dimbwi la maji ya mvua ambalo wote walikuwa wamelizunguka.

Hakuwa akimpenda Maman Gisèle, hata hakumjua. Hakuwa ameiacha Étoile. Alitaka kukanyaga, mimi nawaambia, alikitaka kile kiti kuliko alivyowahi kutaka kitu, na aliona siku zake zote za mbele zimekaa juu ya kiti hicho, asubuhi moja baada ya nyingine, mugozi umetundikwa kwenye msumari. Aliinua mguu kidogo. Ukarudi. Akajaribu tena ndani ya moyo wake, akitafuta ile hasira ndogo ambayo mtu anaihitaji ili akanyage kitu cha mwenzake. Hakuipata. Mahali ilipokuwa zamani palikuwa na uchovu tu.

"Papa Patrice," alisema, "hii iko ya mutu. Alinifunika nayo wakati nilikuwa nalala."

"Ulilala?" Papa Patrice alitoa macho. "Kwa match?"

Wakacheka mpaka wakashikana. Alingoja wamalize.

"Nimechoka, papa. Nimechoka sana. Na kumuchukia mutu, nayo iko muzigo." Alianza kukikunja kikwembe, pembe kwa pembe, kisiguse tope. "Leo ni Jumapili. Jumapili sibebi."

Papa Patrice aliona aibu, na aibu ya mtu mkubwa mbele ya watu wake hugeuka haraka. Akakunja uso. "Sawa," alisema. "Sawa, maman. Umechagua."

Ndipo Francine akasogea. Hakumtazama Anne-Marie. Alikwenda kando ya barabara kwenye mgomba, akararua jani, akalirusha kwenye dimbwi. Akalikanyaga kwa mguu mmoja, kisha kwa miguu yote miwili, akirukaruka, na kila alipotua uso wake ulikunjamana kwa maumivu. Ngoma ikalia. Watu walipumua. Papa Patrice akamshika Francine mkono, akauinua juu, akalitaja jina lake kwa sauti, na wimbo wa kurudi ukaanza, ukateremka nao kuelekea mjini.

Anne-Marie alipanda tena Bagira. Alimkuta Maman Gisèle njiani, beseni kichwani, anachechemea.

"Si nilisema siku ingine?"

"Siku ingine nitakuwa nabeba," alisema Anne-Marie, akampa kikwembe chake.

Maman Gisèle alikipokea, akakigeuza, akaona hakina doa. "Batu yako bamefurahi?"

"Bamefurahi sana."

"Waache bafurahi. Furaha yenyewe iko kidogo mwaka huu." Akamfungia karanga kwenye karatasi, wakaagana pale pale barabarani. Anne-Marie hakumwambia kitu kuhusu kiti. Angemwambia nini?

Jumatatu Nyawera ilikuwa imejaa toka mapema. Pikipiki zinapiga honi, malori yanashusha, mluzi huku, mluzi kule. Mfanyabiashara mmoja wa Kadutu alikuwa amenunua unga kwenye depo ya Papa Patrice na alitaka upandishwe Kadutu sasa hivi, akaita mbebaji wa kwanza aliyemwona. Alikuwa Anne-Marie.

Francine alikuwa mlangoni, kwenye kiti. Alikaa ukingoni kabisa, kama mtu aliyekuja kumwona daktari, mikono juu ya magoti, haijui pa kwenda. Alivaa sketi safi. Walisalimiana. Walizungumza kidogo habari za mvua.

Sasa, kiroba kizima cha unga huwezi kujiwekea mgongoni mwenyewe. Unachuchumaa, unaweka mugozi kwenye paji la uso, na mtu mwingine lazima akuinulie kutoka nyuma mpaka usimame. Anne-Marie alichuchumaa. Akatazama kushoto na kulia. Wabebaji wengine walikuwa wameshakwenda na mizigo yao, na mfanyabiashara alikuwa kwenye simu, anapiga kelele. Alibaki hapo chini, akingoja.

Francine akainuka kwenye kiti. Alikuja nyuma yake, akashika kiroba kwa pembe zake mbili, akasukuma kwa goti na kifua, akiguna, jinsi walivyofanyiana miaka yote. Anne-Marie akasimama. Magoti yalitetemeka kisha yakashika.

"Iko sawa?" aliuliza Francine.

"Vuta kidogo kushoto."

Francine akavuta. Mkono wake ukabaki kwenye mugozi, hauondoki. "Anne-Marie," alisema. "Mwenzangu, mimi..."

Anne-Marie hakuweza kugeuka. Mwenye mzigo hageuki. Alisema akitazama chini, kwenye udongo ulio mbele ya miguu yake.

"Kaa, Francine. Rudi ukae. Angalau mumoja wetu akae."

Nyuma yake akasikia mbao za kiti zinalia. Akainamisha kichwa, mugozi ukaingia mahali pake, akaanza kupanda Kadutu.